Hodi Kizimbani

Mwaka huu kocha wangu wa zamani alikwenda Makka. Kabla ya safari alizunguka mji mzima kutaka radhi, kama ilivyo ada yetu. Mtu akijaliwa Hijja hupita nyumba kwa nyumba, kwa ndugu, kwa jirani, kwa yule waliyegombana naye zamani wakanuniana, aseme: nina safari, kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi. Nawe humjibu: nimekuwia radhi duniani na akhera, nenda salama. Kahawa haipoi, kazi imekwisha. Hakuna anayeuliza ni kosa gani.

Mpwa wake alipita dukani akaniambia, "Ami, mjomba atakuja kwako Alhamisi baada ya Alasiri." Nikasema karibu. Ningesema nini? Lakini siku zote zile mpaka Alhamisi nilijua kwamba maneno hayo ya kila mtu hayatanitoka kinywani mpaka yeye atangulie kusema neno moja. Sitaki fidia wala sitaki alie. Nataka aseme: nilikusikia.

Majina ya watu sitayaandika. Wengine hadi leo tunaswali safu moja. Lakini walichokifanya nitakitaja, na mwenye kujijua atajijua.

Nilikuwa mpiganaji wa kizimbani. Si ndondi, ndondi wazee wetu waliijua na waliipenda. Huu ni ule mchezo wa kuchanganya: ngumi, mateke, magoti, mieleka, na kukabana chini sakafuni, watu wawili wamefungiwa ndani ya wavu kama kuku wa sokoni. Shule niliiacha darasa la sita, nikaingia Shimanzi kubeba magunia kwenye magodauni. Kifua nilikipata kule. Jioni, nikishaoga vumbi la unga na saruji, nakwenda mazoezini kuongeza uchovu mwingine juu ya ule. Watu wa mtaani walinicheka sana. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya karai pembeni mwa msikiti alikuwa akiniona tu, husema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo:

"Haya, leo umemkumbatia nani?"

"Ni mchezo, mama."

"Wanaume wazima, jasho linawatiririka, mmelaliana! Oa, mwanangu, oa!"

Nikaoa. Mke wangu ndiye huyu niliye naye mpaka sasa. Lakini mchezo sikuacha, kwa sababu nilikuwa nauweza. Sijisifu. Nilipigana hapa kisiwani, nikapigana Malindi, nikapelekwa Nairobi, na mara nyingi nilishinda. Kupunguza uzito ndiko kulikoniua. Kocha alinivika mifuko ya plastiki ndani ya koti la mvua, nikakimbia barabara ya Shimanzi mchana wa jua kali katikati ya malori, madereva wakinipigia honi, matanboi, wale wasaidizi wao, wakinirushia maneno: "Wee, umeiba nini?" Nikifika kwenye mizani sina hata mate ya kumeza. Ukiniuliza leo ni nini nakikumbuka zaidi katika mchezo ule, sitakwambia ushindi. Nitakwambia kiu.

Sasa, mchezo huu wenye ukatili wote huo una kitu kimoja cha huruma. Ukishikwa mahali pabaya, shingo au kiungo, unaruhusiwa kugonga. Unampiga mwenzio kofi dogo dogo, au unapiga sakafu, au unasema kwa mdomo, na maana yake ni moja: yatosha, niachilie. Refa akiona au akisikia, anawatenganisha. Umeshindwa, lakini unarudi nyumbani na viungo vyako. Dunia nzima wanagonga. Mabingwa wanagonga.

Sisi tu hatukugonga. Na sababu yake, ukiisikia, utacheka, kama sisi tulivyocheka.

Klabu yetu ilikuwa ghorofani, katika nyumba ya kale ukitoka Biashara Street unaelekea Bondeni. Sakafu yenyewe ni boriti na chokaa, ya enzi na enzi, imetandikwa magodoro mepesi. Chini yetu alikaa bibi mmoja mjane, mpole, sikio lake kali kuliko la paka. Sasa kila mmoja wetu alipokuwa akigonga sakafu, pa pa pa, bibi huko chini alidhani mtu yuko mlangoni.

"Karibuuu!" anaitika. "Pita ndani, mlango u wazi!"

Tunavunjika mbavu. Yule aliyekuwa ananyonga anamwachilia mwenzake kwa kicheko. Ikawa mchezo wetu. Mtu akigonga, sote tunasubiri kimya, na bibi hatuangushi: "Karibuuu!" Siku moja alipanda ngazi hadi nusu, akashika kiuno, akasema, "Majini wangu wa darini wana adabu sana. Wanapiga hodi kutwa, lakini hawaingii."

Mzaha uliisha siku chokaa ilipodondoka kwenye mchuzi wake wa nazi, na mgeni ameketi mkekani anangoja kula. Alikwenda kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akamwita kocha. Kocha akarudi ghorofani amekunja uso, akatukalisha chini.

"Kuanzia leo hakuna kugonga hapa. Sakafu hapana, mwili hapana, maana mkianza na mwili mtaishia sakafuni. Mtu akibanwa aseme hodi. Kwa mdomo. Na mwenzake aitike karibu, amwachilie. Tumefahamiana?"

Tukafahamiana. Hiyo ndiyo ikawa sheria, na tuliipenda, maana ilikuwa yetu. Umebanwa ngeta ya shingo, ile ile ya wezi wa vichochoroni, macho yanakutoka, unasema "hodi" kwa sauti ya bata, na mwenzio anaitika "karibu" na kukuachilia. Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni, miaka. Mkono ukasahau kugonga. Mwili haufikiri, mwili unafuata ulichozoeshwa. Na kocha, aliyekuwa akituandaa kwenda kupigana kwa watu wasioijua ile sheria ya bibi wa chini, hata siku moja hakutwambia: jamani, mkifika kizimbani, rudini kwenye kugonga. Yeye wa kwanza namtaja kwa hilo, na bado sijafika kwenye kubwa lake.

Wa pili ni mpangaji wa mapambano, mtu wa kutoka Nairobi, mnene wa manukato, kichwa ndani ya simu. Alikuwa akitafuta mpiganaji wa pwani wa kumpeleka Arabuni, kule walikoanza kuwapenda wapiganaji wa kwetu. Alikuja kutazama mazoezi. Kocha akanishika bega akamwambia, "Huyu wangu hajui kugonga."

Yule bwana akainua macho kutoka kwenye simu. "Hajui kabisa?"

"Hajui."

Ilikuwa kweli, ukiifikiria. Na ilikuwa uongo. Kocha alicheka, nami nikacheka kama mjinga. Yule bwana hakucheka, aliandika kitu kwenye simu yake. Tangu siku ile nikawa na sifa ambayo sikuiomba.

Pambano lilifanyika hapa hapa kisiwani, katika ukumbi wa harusi. Kizimba kilikuja kwa lori, kikafungwa pale mahali maharusi wanapokalishwa, na maua ya plastiki yalikuwa bado yananing'inia juu. Mpinzani wangu alikuwa kijana wa bara, mkimya, mwenye heshima zake. Simlaumu. Kazi yake ilikuwa kuvuta, akavuta.

Nilimwangusha mimi. Nikaenda naye chini, nikamlalia, nikawa nasikia watu wa Bondeni wananiita. Kisha sijui niliweka mkono vipi. Alinasa mkono wangu wa kulia, akaupitisha katikati ya mapaja yake, akalala chali, akaanza kuunyoosha upande ambao Mungu hakuupangia. Kichwa changu kilikuwa karibu na wavu, upande wetu. Nikimtazama kocha namwona juu chini. Taulo jeupe liko begani mwake. Kocha akilirusha taulo ndani, pambano limekwisha.

Nikasema, "Hodi."

Nina mpira wa meno kinywani, lakini nilisema. Mkono wa kushoto ulikuwa huru, umelala tu pale kama si wangu. Watu wameniuliza mara ngapi: mbona hukugonga na ule mkono? Nimeshachoka kuwajibu.

"Hodi, kocha. Hodi."

Katika ukumbi mzima ule, wenye kuelewa neno lile mahali pale walikuwa watu wa klabu yetu tu, na wenzangu walikuwa nyuma, wamezuiliwa na walinzi. Aliyekuwa karibu ni yeye. Alinitazama machoni. Aliushika upindo wa taulo. Nikaona, nikasema alhamdulillahi, analirusha. Akajipangusa mdomo nalo. Kisha akageuka kidogo, akamtazama yule bwana wa manukato aliyekaa safu ya mbele, akapaza sauti: "Vumilia! Bado! Huyu hajui kugonga!"

Kiwiko kililia kama muwa unaovunjwa.

Wa tatu ni daktari wa ukumbini, mwenye koti jeupe na haraka, aliyenifunga bendeji akaniambia nimeteguka tu, niweke barafu, nipumzike. Nilipumzika. Nilipokwenda hospitali ya kweli, kiungo kilikuwa kimeshaanza kushikana vibaya. Nikakatwa, nikashonwa, na mkono haukunyooka tena. Umejikunja hivi, kama mtu aliyebeba kikapu. Shimanzi hawakunitaka, gunia linataka mikono miwili. Bwana wa manukato hakupokea simu zangu. Arabuni alikwenda mwingine.

Aliyekuja kunitazama ni refa peke yake. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mchana anafanya kazi reli na jioni anachezesha mapambano. Alikuja na ndizi kwenye mfuko wa karatasi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akazunguka na maneno mpaka yakamtoka.

"Ndugu yangu, nikuulize. Ulikuwa unasema nini mle ndani? Midomo yako nilikuwa naiona inatembea."

"Nilikuwa nasema hodi."

"Hodi?" Akanitazama kama homa imenipanda. "Mimi sikushika neno. Nilidhani unasoma dua. Najua nyinyi watu wa Pwani mkibanwa mnasoma dua. Nikasema nisimkatize mtu na Mungu wake."

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Yeye hakucheka. Alimenya ndizi, akanipa.

Basi, baada ya hapo kukazaliwa yule mtu ambaye si mimi. Kocha aliitundika picha yangu mlangoni mwa klabu. Kila mwanafunzi mpya alisimuliwa: huyu alivunjwa mkono hakugonga. Vijana wakanisimamisha njiani. "Simba! Hukugonga, Simba!" Nikawaambia, sikugonga, lakini nilipiga hodi. Wakaangua kicheko, wakaambiana, mzee ana mzaha huyu. Mwanzo nilieleza. Nilieleza kwenye baraza, nilieleza kinyozini. Kila nilivyoeleza walinisifu kwa unyenyekevu. Hata mke wangu, ambaye hanisifu kwa lolote, siku moja alinambia taratibu, "Labda ulisema moyoni. Mtu akiumia hudhani amepiga kelele." Nami nikaanza kujiuliza. Refa aliona midomo. Sauti je? Nilisema au nilidhani nimesema? Ni jambo baya kuutilia shaka mdomo wako mwenyewe. Na mtu wa kunijibu duniani alikuwa mmoja tu.

Siku hizi nauza leso Biashara Street, duka la mtu. Kazi si nzito lakini inataka mikono mirefu. Mteja akisema "hebu ikunjue tuone jina lake," yaani msemo ulioandikwa, inabidi uishike doti huku na huku, uitandaze mbele ya kifua. Mimi natandaza nusu. Wanawake wa hapa mjini wamenizoea, hushika ncha ya pili wenyewe, tunaifungua pamoja kama watu wanaokunja shuka. Wageni hunitazama mkono, nami huwaambia bei.

Alhamisi ikafika. Nilirudi mapema, nikakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Tunakaa juu, ngazi yetu ni nyembamba na ina giza. Nilimsikia tangu chini, kwa sababu sukari imempata na mguu mmoja haumtii. Anapanda, anapumzika, anapanda. Kisha sauti.

"Hodi!"

Nikanyamaza. Si kwamba nilikusudia, lakini sauti haikutoka.

"Hodi wenyewe!"

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, mkono una unga. Akanitazama, akautazama mlango. "Wewe husikii? Mtu anapiga hodi." Akaitika mwenyewe, "Karibu, karibu, kocha! Pita!"

Aliingia anahema. Amekonda, ndevu nyeupe, kanzu imemzidi. Tukasalimiana, akaniuliza hali, nikamuuliza mguu, akaniuliza watoto, nikamuuliza safari. Mke wangu akarudi jikoni kuteleka kahawa, pazia likashuka nyuma yake. Kocha akaweka mikono magotini.

"Nduguyo nina safari, kama ulivyosikia. Tumeishi pamoja muda mrefu. Kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, nakuomba uniwie radhi."

Aliyasema vizuri. Alikuwa ameyasema kwenye nyumba nyingi.

"Kwa kujua ni lipi?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Ah, yakhe. Mambo mengi. Nilikuwa mkali. Nilikukimbiza juani."

"Ulinisikia?"

"Lini?"

"Unajua lini."

Akaangalia mkono wangu, akaangalia kwengine. "Ukumbi ulikuwa na kelele. Unakumbuka zile kelele? Watu wa Bondeni wale, hata ukipigwa mzinga husikii."

Nilikuwa nimechoka. Nilijitayarisha kwa hasira wiki nzima, na hasira sikuiona, niliona uchovu tu, kama ule wa kushusha gunia la mwisho na bega bado linawaka. Nje mtu alikuwa anapigilia msumari. Kocha alisikiliza jikoni, akasikia vikombe, akainama upande wangu, akasema chini kabisa, kama mtu anayekwambia siri ya mtu mwingine:

"Nilikusikia."

"Mara ngapi?"

"Zote. Nilidhani utachomoka. Wallahi nilidhani utachomoka. Na yule bwana alikuwa anatazama."

Basi sikuwa nimesema moyoni. Nilisema, na nilisikika. Nikakaa nalo hilo.

"Sema kwa sauti," nikamwambia.

"Nimeshasema."

"Sema kama unavyowasimulia wanafunzi mbele ya ile picha mlangoni mwa klabu. Kwa sauti ile ile."

Akajiinua kidogo, akakohoa. "Nilisikia!" akasema kwa nguvu, na papo hapo pazia likafunguka, mke wangu anatoka na sinia.

"Umesikia nini, kocha?"

Nilimwona akihesabu. Uso ule ule wa kizimbani, taulo limo mkononi. Akacheka kidogo, akaitafuta kofia yake. "Nimesikia adhana, mamangu. Wacha niwahi Magharibi."

Mke wangu akaweka sinia mezani. Akatazama dirishani, jua bado liko kwenye kuta za ng'ambo. Akasema bila ubaya, kama anayemrekebisha mtu aliyekosea njia:

"Kocha, adhana bado."

Kocha aliivua kofia aliyokuwa ameshaivaa, akaigeuza geuza, akaitazama ndani. Mke wangu hakuondoka. Alisimama na unga wake mikononi, anangoja kujibiwa, kwa sababu aliuliza na hakuwa amejibiwa. Mwishowe kocha akazungumza akiitazama kofia.

"Nilimsikia huyu. Siku ile. Alipiga hodi, nikamsikia, nikajipangusa mdomo."

Mke wangu akanitazama. Miaka yote ile, na sasa ndiyo ananitazama kama mtu aliyerudi kutoka mahali. "Ulisema," akanambia.

"Nilisema."

Nilimpa radhi. Watakaosoma wengine watasema nilishinda, wengine watasema ningemfukuza. Sikushinda na sikuwa na nguvu za kufukuza. Nilisema nimekuwia radhi duniani na akhera, na maneno yalitoka makavu kama ya muuza duka anayetaja bei. Ile picha sikumwambia aiondoe. Vijana wa ghorofani wamtazame Simba wao. Nilimwambia moja tu: wafundishe wagonge.

"Bibi alishafariki zamani," akasema. "Chini kuna stoo ya mitumba."

"Basi wagonge."

Akaitikia kwa kichwa. Ameitikia mengi kwa kichwa, nimngoje arudi nione.

Akasimama kwa tabu, akanyoosha mkono wa kulia tuagane. Nikanyoosha wangu. Haukufika. Tulibaki hivyo, mikono miwili hewani na pengo katikati, mpaka alipofahamu, akaukokota ule mguu wake akasogea.